Hizi dawa za chupa zipimwe kwanza

Mhariri,

Mimi mwarobaini nimeunywa tangu nikiwa mtoto hapa Kisumu, uchungu wake wacha tu, kwa hivyo sipingi miti shamba. Lakini sokoni unauziwa chupa haina tarehe haina kipimo, ati inatibu tumbo, taifodi, kila kitu, sasa hiyo ni nini? Na kupima si uchawi, unaweka kakaratasi kenye dawa kwenye sahani ya bakteria, kesho yake unapima na rula ile duara imebaki safi ni milimita ngapi (ingawa bakteria kufa kwa sahani bado si mgonjwa kupona). Ya kupima antioksidanti (vile vitu vinavyokinga seli zisiharibike) ni rangi tu, kemikali ya DPPH ya zambarau inageuka manjano dawa ikiwa nazo. Chuo Kikuu cha Maseno si wako hapa karibu? Kaunti iwape hiyo kazi, na wazee wanaojua hiyo miti walipwe.

Msomaji, Kisumu