Barua kwa mwanangu: mtu wa Plains

Mwanangu mpendwa,

Siku ile tuliposikia kwamba Jimmy Carter amefariki, tarehe 29 Desemba 2024, akiwa na umri wa miaka 100, uliniona nimezima redio na kukaa kimya, ukaniuliza kwa nini nimsikitikie rais wa Marekani aliyeondoka madarakani kabla wewe hujazaliwa. Sikukujibu ipasavyo. Leo nakuandikia, kwa sababu niliyekuwa namlilia hakuwa yule rais. Alikuwa mtu wa Plains.

Plains ni mji mdogo katika jimbo la Georgia, wenye wakazi wasiofika 700, katika nchi ya mashamba ya karanga. Mama yake Carter alikuwa muuguzi, na jirani alipojifungua mtoto wa kike alimchukua Jimmy, ambaye hata miaka mitatu alikuwa bado hajatimiza, akampeleka kumwona kichanga huyo. Mtoto yule ndiye Rosalynn, aliyefunga naye ndoa mwaka 1946 na kuishi naye miaka 77.

Jambo ninalotaka ulishike sana ni la mwaka 1953. Carter alikuwa ofisa wa jeshi la majini, amechaguliwa katika kazi ya nyambizi za nyuklia, na njia ya kupanda vyeo ilikuwa wazi mbele yake. Baba yake akaugua saratani, naye akarudi Plains kumuuguza. Kitandani pale aliwaona watu wakija mmoja mmoja, weusi kwa weupe, kumshukuru mzee kwa mambo aliyowatendea kimyakimya, mambo ambayo mwanawe hakuwahi kuyasikia. Akajiuliza kama yeye mwenyewe, pamoja na vyeo vyake vyote, angekuja kuwafaa watu kiasi kile. Baada ya mazishi aliacha jeshi na kurudi kulima.

Hata hivyo alikosea, nami sitakuficha: uamuzi huo aliupitisha bila kushauriana na mkewe, na Rosalynn akarudi Plains kwa hasira kubwa, hataki hata kuzungumza naye. Carter mwenyewe alikuja kulijutia jambo hilo. Baadaye mkewe ndiye aliyeshika vitabu vya hesabu vya biashara yao, wakawa washirika wa kweli katika kila jambo, na usiku walikuwa wakisomeana Biblia. Ninapomsifu kwa familia yake ninamaanisha hilo, kwamba alikubali kufundishwa na mkewe namna ya kuwa mume.

Imani yake nayo ilimgharimu. Wazungu wa Plains walipojiunga na baraza la kutetea ubaguzi, yeye alikataa, na wateja wakaisusa biashara yake. Kanisa lake la wakati ule lilipopiga kura mwaka 1965 kuwazuia watu weusi wasiingie ibadani, karibu familia yake peke yake ndiyo iliyopinga. Fikiria uzito wa jambo hilo katika mji ambamo kila unayekutana naye njiani anakujua kwa jina.

Kuhusu urais wake sina mengi ya kusema. Mwaka 1981 alirejea Plains akiwa ameshindwa uchaguzi, biashara yake ya karanga ikiwa na deni la karibu dola milioni moja, na miongoni mwa alivyorudi navyo vilikuwamo vifaa vya useremala alivyozawadiwa na wasaidizi wake walipoagana. Akarudi katika nyumba ileile ya vyumba viwili vya kulala aliyoijenga mwaka 1961. Kwa vifaa vile alichonga msalaba wa kanisa lake la Maranatha, na sahani za mbao za kukusanyia sadaka. Kila ninapoziwaza sahani hizo, zikipita mkono kwa mkono huku aliyezitengeneza akiwa ameketi kwenye benchi kama muumini mwingine yeyote, moyo wangu hutulia.

Tangu mwaka 1984 yeye na Rosalynn walitenga juma moja kila mwaka kujenga nyumba za watu wa kipato kidogo pamoja na shirika la Habitat for Humanity, na nyumba walizoshiriki kujenga au kukarabati zimezidi 4,000. Oktoba 2019, akiwa na miaka 95, alianguka nyumbani akashonwa nyuzi 14 juu ya jicho. Jioni ileile alikuwa Nashville, mji wa Tennessee walikokuwa wakijenga mwaka ule, na kesho yake akaonekana kazini, bandeji usoni, jicho limevilia damu, anaunganisha mbao.

Huku kwetu Afrika alipambana na mnyoo wa Guinea, ule unaokua mwilini mwaka mzima kisha kutokea kwenye ngozi, ukazungushwa kidogokidogo kwenye kijiti kwa maumivu makali. Ugonjwa huo hauna dawa wala chanjo. Watu walifundishwa kuchuja maji kwa kitambaa. Mwaka 1986 walikuwapo wagonjwa wanaokadiriwa kuwa milioni 3.5. Alipokufa hawakufika 20 kwa mwaka.

Tarehe 9 Januari 2025, baada ya ibada kubwa ya kitaifa Washington, walimrudisha Plains. Wakamwombea mara ya mwisho katika kanisa lake la Maranatha, kisha wakampeleka nyumbani kwake, wakamlaza kando ya Rosalynn, aliyemtangulia mwaka mmoja na kitu.

Ni mimi mzazi wako nikupendaye,
Baba