Picha za kuchapa si fotokopi

Mhariri,

Katika maonyesho ya picha za kuchapa, hasa zile za milima, misitu na bahari, wageni wengi huuliza: "Kama ziko ishirini, ya asili ni ipi?" Wana haki ya kuuliza. Lawama ni ya waandaaji wanaobandika ukutani jina la picha na bei, basi. Sisi tunaochonga na kuchapa tunaomba nafasi tueleze mambo ya kutazama, na ya kudai.

Msanii huchonga ubao au lino (tandiko laini la sakafuni), hupaka wino kwa rola, hulaza karatasi juu yake, kisha hukandamiza kwa mashine au kwa mgongo wa kijiko. Kila karatasi inayotoka hapo ni kazi ya asili. Ndiyo maana chini yake huandikwa kwa penseli 7/20, yaani ya saba kati ya ishirini, pamoja na sahihi. Namba na sahihi zikiwa zimechapwa kwa wino ule ule wa picha, uliza kwanza kabla hujatoa pesa.

Mandhari yenye rangi nyingi mara nyingi hutoka kwenye kibao kimoja tu. Rangi nyepesi hutangulia, tuseme njano ya anga, na huchapwa kwenye karatasi zote. Kisha kibao kile kile huchongwa tena kuondoa sehemu zitakazobaki njano, ndipo kijani kinafuata, na hivyo hivyo hadi rangi nzito ya mwisho. Fred Mutebi wa Uganda anafahamika kwa kazi za namna hii. Hakuna kurudi nyuma, maana kilichochongwa kimeondoka. Anayetaka chapa 20 huanza na karatasi 25 au zaidi, kwa sababu nyingine zitaharibika tu. Karatasi hutanuka kwa unyevunyevu na kunywea ikikauka. Ukichapa njano siku ya mvua na kijani siku ya jua kali, rangi hazikai mahali pake, na njano inachungulia pasipotakiwa kwenye mipaka ya rangi. Sogea karibu utazame mipaka hiyo. Hapo ndipo ufundi unapoonekana.

Kibao pia hugeuza kila kitu, kushoto kuwa kulia. Ukitazama Kilimanjaro kutoka Moshi, kilele cha Kibo kiko kushoto na cha Mawenzi kulia. Chapa inayodai kuonyesha Kilimanjaro kutoka Moshi huku Mawenzi ikiwa kushoto, mchongaji wake hakugeuza mchoro. Wajapani walikuwa na dawa ya tatizo hili: kwa picha kama lile wimbi kubwa la mchoraji Hokusai, la mwaka 1831 hivi, mchoro ulibandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, na fundi akachonga akipita juu ya karatasi yenyewe. Mchoro uliangamia, picha ikatoka sawasawa.

Kuhusu utundikaji, miji yetu ya pwani inahitaji uangalifu zaidi. Kioo kisiguse karatasi, kwani unyevu hunaswa katikati, kuvu ikaota na wino ukagandia kioo. Kipande cha kadibodi isiyo na asidi, chenye unene wa milimita 2 au 3, kinatosha kuvitenganisha. Selotepu ni marufuku kabisa, huacha madoa ya kahawia yasiyotoka. Jua la dirishani lisifike ukutani. Kwa kazi za karatasi, mwanga wa luksi 50 hivi (luksi ni kipimo cha mwanga) unatosha.

Tunawaomba waandaaji waandike kando ya kila picha: imechongwa kwenye nini, ina rangi ngapi, vibao vingapi, karatasi gani na chapa ngapi. Na kibao chenyewe kiwekwe mezani chini ya taa ya ubavuni, ili mgeni aone mifereji ya patasi na ailinganishe na picha iliyo ukutani.

Wachapaji wa picha,
Dar es Salaam