Nani aliyewaandika wafuasi wangu chamani?

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme jambo lililonikaa moyoni tangu mwaka 2022, la watu kusajiliwa chamani bila wao kujua, kwa maana nikilinyamazia litawakuta wengine kabla ya kura ya Agosti 10, 2027.

Mimi ni fundi cherehani, mkaazi wa Kaunti ya Kilifi. Mwaka ule niliwania uwakilishi wadi bila chama. Sikuwa nimeangushwa kwenye mchujo wa chama chochote. Nalisema hili mapema kwa sababu ukitaja mgombea huru, watu humfikiria yule aliyenyimwa tiketi akaruka nje kwa hasira. Wa namna hiyo wapo, na sheria inawaruhusu. Kifungu cha 85 cha Katiba kinataka uwe umetoka chamani miezi mitatu kabla ya kura; mwaka 2022 mchujo ulikwisha Aprili 22 na siku ya mwisho ya kutoka ilikuwa Mei 9, kwa hivyo aliyeshindwa alikuwa na zaidi ya wiki mbili za kugeuka. Lakini mimi sijawahi kushika kadi ya chama maishani mwangu. Kina mama wenzangu wa kikundi cha kuweka na kukopa ndio walionisukuma, baada ya pampu ya kisima chetu kukaa mbovu miaka miwili na kila tuliyemwendea akatuambia tumngojee mheshimiwa.

Masharti niliyasoma nikayaelewa. Kwa wadi, Katiba yataka mgombea huru aungwe mkono na wapiga kura 500 waliosajiliwa wadini humo. Kwa ubunge ni 1,000, kwa useneta 2,000, na anayetaka urais apate 2,000 katika kila kaunti kati ya zaidi ya nusu ya kaunti zote, yaani 48,000 kutoka kaunti 24. Ada ya wadi ni shilingi 5,000, na mwanamke hulipa nusu. Alama yangu nilichagua mbuzi ya kukunia nazi, kwani hakuna nyumba ya kwetu isiyokuwa nayo.

Karatasi nilizipiga mistari mwenyewe usiku, kwa rula ile ile ya kukatia nguo: jina, nambari ya kitambulisho, sahihi. Asubuhi nikishamaliza kushona sare za shule natoka na kalamu mbili na kidau cha wino. Nilipita sokoni, nikapita bandari ya wavuvi wakati wa maji kupwa, nikangoja watu nje ya msikiti na nje ya kanisa. Mwanzoni tuliambiwa kila anayetia sahihi atoe pia nakala ya kitambulisho. Fikiria kumwomba muuza mkaa shilingi kumi ya fotokopi ili akuunge mkono. Nilizitoa mimi, hadi Mahakama Kuu ilipolifuta sharti hilo mwaka huo huo. Rundo la nakala za watu nikabaki nalo, nikalichoma, kwani sikutaka vitambulisho vya majirani zangu vizagae.

Kuna bibi mmoja msusi wa makuti ambaye sitamsahau. Hajui kuandika, na vidole vyake vimelika kwa kazi hata alama haishiki. Aliubonyeza wino, akaubandika ule gumba, pakatoka doa jeusi tupu. Akaupangusa kwenye kanga, akajaribu tena. Mara ya nne mistari ikaonekana kidogo. Akaniambia, "Mwanangu, hii ya leo naitia mwenyewe. Zile nyingine za kura huwa nashikiwa mkono." Nilikuwa na majina 612 siku hiyo, na lake ndilo nililolionea fahari kuliko yote.

Orodha ilipolinganishwa na sajili ya wanachama wa vyama, majina 143 yalianguka. Masharti ya uteuzi yanasema anayemuunga mkono mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote, na hao 143 walionekana ni wanachama. Nilibaki na 469. La bibi lilikuwa kati ya yaliyoanguka.

Niliwaendea mmoja mmoja, nikidhani wamenificha. Mvuvi mmoja alikasirika hata akataka kunifukuza. Basi nikamchukua, na yule bibi, tukaenda kwa kijana wa saiba, duka la intaneti, akawafungulia akaunti zao za eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kwenye skrini likatoka jina la chama kimoja ambacho mimi mwenyewe nililazimika kulisoma mara mbili. Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi, mkoba wa ukili mapajani. Nikamsomea. Akauliza, "Hiki chama ni cha nani? Mimi nilikutana nao wapi?" Sikuwa na jibu.

Wasomaji watakumbuka kelele za katikati ya mwaka 2021, Wakenya walipoweza kujitazama mtandaoni na wengi wakakuta wamesajiliwa kwenye vyama wasivyovijua. Wengine walitazama siku hiyo, wakapiga picha ya skrini, wakacheka, wakasahau. Wa kwetu hawakutazama kabisa. Chanzo chake hakifichiki. Sheria ya Vyama vya Siasa inataka chama, ili kisajiliwe kikamilifu, kiwe na wanachama wasiopungua 1,000 katika kila kaunti kati ya zaidi ya nusu ya kaunti 47. Hao ni watu 24,000, na kuwapata kwa kubisha hodi nyumba kwa nyumba ni kazi ya jasho. Mimi nilitafuta mia tano tu, nikachakaza jozi mbili za ndara. Anayetaka njia ya mkato hutafuta mahali ambapo majina na nambari za vitambulisho tayari yameandikwa pamoja. Kwetu watu wanashuku madaftari ya wageni getini, na orodha za kugawa chakula wakati wa ukame. Sina ushahidi, simtaji mtu. Ninalolijua ni kwamba bibi yule hakutia gumba lake, maana nimeona linavyomchukua muda.

Majina 31 yaliyokuwa yamepungua niliyapata kwa siku tatu. Safari hii sikumwandika mtu kabla hajajitazama kwanza kwenye simu. Nikaingia kwenye karatasi ya kura, nikapigiwa kura, nikashindwa, na aliyenishinda nilimpa mkono. Kwa hivyo sidai kiti. Nadai wale 143, ambao haki yao ya kusema "mimi namtaka huyu" iliuzwa bila wao kujua.

Naomba mambo mawili. La kwanza, jina la mtu lisiingie kwenye sajili ya chama mpaka mwenyewe athibitishe, kwa ujumbe wa simu yake au kwa sahihi mbele ya karani. Hata kutuma shilingi hamsini kwa simu huulizwa nambari ya siri. La pili, sharti la kwamba mfuasi wa mgombea huru asiwe na chama litazamwe upya. Katiba imesema wapiga kura waliosajiliwa, basi. Haikusema wasio na chama. Mtu anaweza kuwa na kadi ya chama fulani kwa sababu ya rais anayempenda, na bado akataka fundi wa mtaani kwake amsimamie wadini.

Wako watakaoniambia nishukuru, kwamba chini ya katiba ya zamani, bila chama hukuwa na njia. Nashukuru kweli. Shangazi yangu ameolewa Tanga, na huko mpaka uchaguzi wa 2025 mgombea binafsi hakuruhusiwa, ijapokuwa Mchungaji Christopher Mtikila alipigania haki hiyo mahakamani tangu mwaka 1993, na Mahakama ya Afrika pale Arusha ikampa ushindi Juni 14, 2013. Alifariki mwaka 2015 hajaiona. Sisi tulipewa mlango na Katiba ya 2010. Jirani zetu wa Taita Taveta, na watu wa Meru pia, waliutumia mwaka 2022 wakachagua magavana wasio na chama.

Kwa vijana wanaofikiria 2027: msingoje Mei. Jitazameni sasa, na mumtazamie kila mzee wa nyumbani kwenu, na mkikuta jina limeingizwa, ombeni liondolewe na mtunze nakala ya barua.

Bibi wa makuti yu hai, mzima. Nikipita kwake kuchukua vipimo huniuliza kama nimeshajua ni nani aliyemwandika. Kama kuna kiongozi wa chama kile anayesoma gazeti hili, namwomba ajibu hapa hapa, ili nimsomee.

Fundi cherehani,
Kilifi