Njugu za maganda, tafadhali

Ndugu yangu Barasa,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa Mama. Sisi huku Umoja tuko, maji yamekatika tena lakini tuko. Kinyua ameniambia unanung'unika kwamba nimekunyamazia. Haya, nung'unika, lakini mimi pia nina kesi na wewe: uliacha kuvuta fegi kabla yangu na hukunidokezea habari ya njaa!

Nimeacha tangu Pasaka. Kikohozi cha asubuhi kimepungua, na pua imefunguka kiasi kwamba najua jirani anapika nini kabla hajafunika sufuria. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mandazi ya Mama Njambi, ambayo nimeyala miaka yote hii, kumbe yana iliki! Nikayavamia. Kisha smokie, kisha viazi karai, kisha peremende, mpaka suruali ya kazi ikakataa kufungwa. Daktari anasema nikotini ilikuwa inaibana njaa, na kwamba wengi wanaoacha huongeza kama kilo 4 au 5 mwaka wa kwanza. Akasema bado ni afadhali kuliko kuvuta. Sawa, lakini suruali atanunua yeye?

Saa kumi jioni ndiyo mbaya. Unaijua Kirinyaga Road saa hizo, mafundi wamepumzika, moshi mlangoni. Kioski cha jirani bado kinauza fegi moja moja, ilhali sheria ya 2007 inakataza, na kiberiti cha gesi kimening'inizwa kwa uzi, ujihudumie. Mkono unaenda mfukoni wenyewe. Nimegundua tumbo halina habari, wanaodai ni mkono na mdomo. Na ile hamu ni ya dakika chache tu, ukiizungusha inapita. Sasa andazi unalimaliza kwa kuuma mara tatu, hamu bado imekukodolea macho, unaagiza lingine.

Kwa hiyo nataka kitu kinachochelewa kuisha. Usiku nakata karoti vipande virefu, natia kwenye kopo lenye maji ziwe ngumu. Saa kumi nashika kipande kati ya vidole viwili, fundi Musa ananiuliza kama nataka moto. Wacha acheke. Muwa nao unachelewa, ila mama watoto anasema ni sukari tupu, na sina jibu.

Dawa hasa ni njugu zenye maganda: unapasua, unapuliza, unatafuna, vidole vina kazi. Hapa kwetu wanaopita dukani wanazo zilizokaangwa na kutiwa chumvi, unajaza kiganja, zimekwisha. Nitafutie za huko, kavu, gorogoro mbili tatu.

Halafu chai na kahawa, ulipunguza? Mimi nilikuwa silali, mikono inatetemeka. Kumbe moshi huufanya mwili uondoe kafeini haraka, ukiacha, kikombe kilekile kinakaa mwilini muda mrefu zaidi.

Wewe usiku ulikuwa unatafuna nini? Ule ukali ulikuisha lini, maana hapa watoto wameanza kunikwepa? Otieno bado anavuta, ama alikufuata? Gorogoro ya njugu ni pesa ngapi siku hizi? Nitume kwa laini ileile ama ulibadilisha? Na ukiupeleka mzigo kwa basi la usiku, andika jina langu kwa herufi kubwa, wale wa ofisi ya mizigo hawasomi mwandiko wako.

Ni mimi,
Mutua