Barua ya wazi kwa vijana wetu mliovaa magwanda ya Marekani na sasa mnalala kwa gari

Vijana wangu,

Salamu kwanza. Sitataja mtu jina, mnajijuana. Wiki juzi nimepita parking ya supermaketi moja hapa Lakewood, jimbo la Washington, saa kumi na moja alfajiri, nikaona gari vioo vimejaa ukungu kwa ndani, na huo ukungu nikaujua hata kabla sijamuona mtu, maana gari ya mwenye kaingia dukani haina ukungu wa ndani, hiyo ni pumzi ya usiku mzima. Nikagonga kioo pole pole. Akashusha kidogo, sura nikaitambua, tunasali naye. Nikamuuliza habari ya asubuhi kijana, akanijibu "poa sana mzee, nangoja tu wafungue". Nikaenda kutafuta chai mbili, kurudi nikakuta ameshawasha gari akaenda.

Hiyo "poa sana" ndiyo imenikosesha usingizi, na ndiyo imenifanya niandike.

Mimi mnaniona jumapili na tai nimekaa benchi la mbele mnadhani nilizaliwa hivyo. Niliingia jeshi 1999 na grinkadi yangu, umri umeshasonga, wakanipa kazi ya dereva wa malori, na 2003 nikawa naendesha konvoi kutoka Kuwait kupandisha Iraki mpaka Balad. Nyinyi wengi mliingia baadaye kwa ule mpango wa MAVNI, ule ulioanza 2009 ukafungwa 2016, uliokuwa unatafuta watu wa lugha na Kiswahili kilikuwa kwenye listi. Lugha ya mama zenu ndiyo iliwafungulia mlango, na nitarudi hapo kwa lugha, kwa sababu lugha hiyo hiyo ndiyo inawaponza.

2009 mpaka 2011 nililala kwa Corolla. Kazi ilikwisha, nyumba ya ndoa ikawa si yangu, usingizi wenyewe haukuwepo, nikisikia mlango umebamizwa nakuwa nimeshalala chini. Shati la kanisani nilikuwa nalitundika kwa dirisha la nyuma lisikunjike, ndevu nanyoa kwa choo cha petroli stesheni. Mama akipiga simu kutoka nyumbani kuuliza karo ya mdogo wangu nilikuwa nashuka kwanza, nasimama nje kwenye mvua ya Tacoma, ili asisikie mwangwi wa gari, halafu namwambia niko kazini mama, nitatuma ijumaa. Na nilikuwa natuma! Nashinda na njaa natuma. Huo ni ujinga ambao wengi wenu mnaufanya saa hii.

Sasa niwaulize kitu. Katika grupu letu la wasap, mwezi gani umepita hatujachanga pesa ya kusafirisha maiti? Tunachanga, na vizuri, watu wanatoa mpaka wasiomjua marehemu. Lakini aliyelala kwa gari mita mia tatu kutoka kanisani hakuna anayejua, kwa sababu amesema poa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, sisi tumelichukua neno tukaligeuza, tunangoja kilio ndiyo tufungue pochi.

Haya, tuje kwenye klemu, yaani dai la fidia ya ulemavu ulioupata jeshini. Nasikia kijana anasema "mzee mimi siwezi kuomba serikali, mimi si ombaomba." Wewe nani kakwambia unaomba? Ulisaini mkataba. Goti uliliacha kwao, masikio uliyaacha kwao, usingizi uliuacha kwao, wanakulipa kwa kilichoharibika wakati unawatumikia. Hiyo ni deni. Mimi huyu mwenyewe ilinichukua miaka 2 na mzee mmoja wa vita vya Vietnam aliyeniona napanga foleni ya supu akatazama viatu vyangu, buti za jangwani zimeisha soli, akaniuliza swali moja tu, "umefungua faili VA?", yaani ile idara ya serikali ya Marekani inayohudumia maveterani, wanajeshi wa zamani. Nikasema mimi sijapigwa risasi. Akacheka mpaka akakohoa.

Kwa hiyo nilifungua. Na klemu ya kwanza nikaiharibu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Sikilizeni hapa vizuri. VA wakishapokea klemu wanakupeleka kwa daktari wa kukupima, si wa kukutibu, anapima tu na kuandika. Nikaingia nimechomekea shati, nimenyoa, nimesimama wima. Daktari akaniuliza unaendeleaje leo. Mimi mtoto niliyelelewa kwa adabu nikajibu nini? Sijambo. Yaani nilimjibu kwa Kiingereza lakini nilichomjibu ni sijambo. Kwetu ukiulizwa hujambo hata kama umebeba jeneza kichwani unasema sijambo kwanza, habari nzuri kwanza, halafu ndiyo unaleta "ila". Nzuri, ila mtoto anaumwa. Nzuri, ila nyumba imeungua. Mzungu hangoji ila. Kaandika: mgonjwa anasema anaendelea vizuri. Akachukua kile kipimo cha plastiki cha kupimia pembe, kama cha hesabu za shule lakini kina mikono miwili, akasema kunja goti. Nikakunja. Lilianza kuuma mapema kabisa, nikauma meno nikalikunja mpaka mwisho, kwa sababu mwanaume halii mbele ya mtu. Alitakiwa kuandika ni wapi maumivu yanaanza, sasa ataandika nini na mimi uso umetulia kama maji ya mtungi? Usiku akaniuliza unalala? Nalala. Kwa Corolla, lakini nalala.

Barua ikaja: imekataliwa.

Mara ya pili yule mzee wa Vietnam akanikalisha chini akaniambia usimwambie daktari siku yako nzuri, mwambie siku yako mbaya ilivyo na kwa mwezi zinakuja ngapi. Bila kuongeza, uongo ni kosa la jinai na wanakamata. Lakini bila kupunguza pia. Linapoanza kuuma sema hapa, hapo hapo. Mwambie mara ya mwisho kulala masaa manne mfululizo ilikuwa lini. Nikasema yote, nikalia mbele ya mwanamke nisiyemjua mdogo kuliko binti yangu, na dunia haikuanguka.

Hiyo ndiyo nilitaka kuwaambia hasa, mengine ni karatasi. Lakini karatasi nazo niziseme, maana najua mtaniuliza.

Kabla ya klemu, paa. Klemu inakula miezi, huwezi kungoja kwa gari. Piga 877-424-3838, ni ya VA kwa maveterani wasio na makao, usiku na mchana, bure. Kuna ile vocha ya HUD-VASH, nyumba ya kupanga, unachangia kama asilimia 30 ya kipato chako na wao wanalipa iliyobaki, na unapewa mtu wa kufuatilia kesi yako. Huhitaji kuwa na asilimia yoyote ya ulemavu, ile VA wanayokupa kwa kilichoharibika mwilini, kuiomba. Na kama kichwa kimejaa mawazo mabaya piga 988 halafu bonyeza 1, usijibu poa.

Siku hiyo hiyo piga 1-800-827-1000 uwaambie unataka kusajili nia ya kufungua klemu. Dakika chache tu. Inashikilia tarehe yako mwaka mzima, ukileta fomu kamili ndani ya mwaka huo na wakikubali, pesa inahesabiwa kwa kufuata tarehe ile ya simu. Kuna mtu hapa alisema "nitapiga nikipata karatasi zote" akapoteza miezi kumi na moja ya malipo. Waambie pia huna makao, klemu yako inapewa kipaumbele. Na toa anwani ya mtu anayefungua barua zake. Ukikosa apointimenti ya daktari kwa sababu barua imeenda kwa nyumba uliyofukuzwa, wanaweza kukataa klemu, na hawakujui wewe kwa sura.

Ushahidi wao ni mambo matatu: unaumwa sasa, kitu kilitokea jeshini, na daktari anayeunganisha hivyo viwili. Tafuta uliotumikia nao waandike walichoona. Mliokuwa Iraki au Afuganistani mkavuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka, mimi Balad nilikuwa nalala na ladha ya plastiki mdomoni, ile sheria ya PACT iliyosainiwa Agosti 2022 inasema pumu iliyokuanza baada ya jeshi, sainasi sugu na magonjwa mengine kadhaa, huhitaji tena kuthibitisha kwamba moshi ndiyo chanzo. Waliokataliwa zamani warudi.

Asilimia nazo msishangae. VA hesabu zao si za darasa la nne. Ukipewa asilimia 50 kwa ugonjwa mmoja na 30 kwa mwingine haiwi 80. Wanachukua 50 kwanza, unabaki nusu mtu, halafu 30 ya hiyo nusu ni 15, jumla 65, wanakuza iwe 70. Kwa viwango vya 2025 mtu wa 70 asiye na mke wala mtoto alikuwa anapata dola 1,759 na senti kwa mwezi, haikatwi kodi. Ukikataliwa una mwaka mmoja wa kupinga bila kupoteza tarehe. Aliyeachishwa jeshi na karatasi yenye sifa mbaya naye asijihukumu mwenyewe, aulize, mara nyingi VA wanaiangalia upya.

Na msilipe mtu! Vyama vya maveterani kama DAV, American Legion, VFW, wana watu walioidhinishwa wanakuandikia bure. Hao wa kwenye simu wanaodai mara tano ya pesa yako ya mwezi ni mafisi, sheria hairuhusu kutozwa kwa klemu ya kwanza.

Pesa ya kwanza ikiingia nyamaza. Mimi yangu ya malimbikizo nilituma nusu nyumbani kununua ploti, hati ikatokea ni feki, mpaka leo sina hata jiwe la hiyo ploti. Tuliza kwanza hapa ulipo, ukitaka kurudi nyumbani baadaye malipo yanakufuata mpaka Kenya.

Nilipopewa ufunguo wa nyumba 2011 nililala sakafuni karibu na mlango wiki tatu, viatu miguuni. Kitanda kilikuwepo. Sikuweza. Siku niliyopika ugali kwa sufuria yangu, nikausonga, nikakaa mezani peke yangu nikala mpaka ukoko, ndiyo nililala kitandani. Kwa hiyo ukipata nyumba na bado ukahisi uko kwa gari, usidhani umerogwa. Nenda kwa washauri wa Vet Center, nipigie na mimi, saa yoyote, silali sana hata sasa.

Jumapili baada ya ibada nitakuwa kwa chumba kile cha nyuma cha kuhifadhia viti, mpaka saa kumi. Leta DD-214 yako, ile karatasi ya kutoka jeshini, hata kama imelowa, na kama imepotea njoo tutaiagiza St. Louis wanakohifadhi kumbukumbu za jeshi. Chai iko. Na wewe wa gari ya kijivu, yako niliinywa mwenyewe siku ile, nakudai uje unywe nyingine.

Ni mimi mzee wenu,
Lakewood