Mpwa wangu, kuhusu zile nyota

Mpwa wangu,

Mama yako kaniambia umepangiwa kambi ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, na kwamba hata nywele hujanyolewa umeshaanza kupiga hesabu za vyeo. Ukamtolea na mfano: mbona Sarakikya, yule mkuu wa kwanza wa jeshi letu la leo, alitoka kapteni akawa brigedia mwaka huohuo, 1964? Kweli alitoka. Ila umesimulia nusu tu, tena ile tamu.

Mrisho Sarakikya, mtoto wa Meru, alisoma Tabora kisha akapelekwa Sandhurst, chuo cha kijeshi cha Waingereza. Tulipopata uhuru Desemba 1961, Watanganyika wenye kamisheni, yaani maofisa kamili, walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Jeshi lenyewe lilikuwa lile lile la mkoloni, limebadilishwa jina likaitwa Tanganyika Rifles, na mkuu wake akabaki Mwingereza, Brigedia Patrick Sholto Douglas. Askari wakaona bendera imegeuka lakini mshahara haujageuka, na anayewaamrisha ni yule yule.

Usiku wa kuamkia 20 Januari 1964 wakaasi pale Colito, kambi ya Dar es Salaam tunayoiita Lugalo leo. Maofisa wa Kiingereza wakakamatwa, Nyerere ikabidi afichwe. Kesho yake maasi yakafika Tabora, kwenye kikosi cha pili, alikokuwa Sarakikya.

Hapo ndipo nataka utulie. Askari wenye bunduki wamekwisha kuwakataa wakubwa wako, wanakutazama wewe, ofisa Mwafrika, uwaongoze. Kwa mtu mwenye uchu, siku hiyo ukubwa ulikuwa wa kuokota. Yeye alishika uongozi wa kikosi, lakini ili kuwatuliza watu.

Tarehe 25 makomando wa Kiingereza walishuka kwa helikopta Colito, kwa ombi la Nyerere mwenyewe, jambo lililomuuma na kumfedhehesha. Jeshi likavunjwa. Ulinzi wa nchi ikabidi tuazime askari wa Nigeria kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo huyo brigedia unayemwonea wivu, mwenye umri wa miaka 30 hivi, alikabidhiwa jeshi ambalo halipo.

JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, ikazaliwa 1 Septemba 1964. Askari wapya wengi walitoka Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala. Wakufunzi wakaja Wakanada, wakaja na Wachina, kila mmoja na silaha zake na mwendo wake wa gwaride. Hebu fikiria kuunda jeshi moja hapo! Na wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika nao wana kambi zao humu humu nchini.

Sarakikya alilishika jeshi hilo miaka kumi. Katikati ya miaka hiyo, 25 Januari 1971, jirani yetu Idi Amin, naye zao la jeshi lile lile la mkoloni, alimpindua Rais Obote wa Uganda. Mwaka 1974 Sarakikya akamkabidhi Abdallah Twalipo, akaenda kuwa waziri, baadaye balozi. Hakupindua mtu, mizinga haikulia. Mimi kwangu hilo ni kubwa kuliko brigedia, hata kuliko Kilimanjaro alioupanda zaidi ya mara thelathini, mpaka uzeeni.

Bukta na raba za kambini nitakununulia. Nitumie saizi ya mguu.

Mjomba wako