Tuwapunguzie wauguzi mzigo

Mhariri,

Nimesoma taarifa yenu kuhusu wauguzi waliochoshwa na janga la UVIKO-19. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa wahudumu wa afya wapatao 115,000 walifariki kwa ugonjwa huo kati ya Januari 2020 na Mei 2021. Waliobaki waliomboleza wenzao huku wakiziba mapengo yao wodini. Kuwaita mashujaa hakukuwapunguzia zamu hata moja.

Shirika hilohilo linaeleza kuwa uchovu huu hutokana na msongo wa kazini usiodhibitiwa. Si udhaifu wa mtu. Basi tiba ianzie kwenye ratiba. Hospitali ziweke ukomo wa saa za zamu, ziajiri wauguzi wa akiba kabla ya mlipuko mwingine, na ushauri nasaha utolewe kwa siri, ndani ya saa za kazi.

Msomaji wenu